Mtu Aliyebaki Mtoni

Mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli, na kila siku baina ya magharibi na isha alikuwa mwongo wa halali. Ndivyo nilivyokuwa nikimwita. Alikuwa akitandika jamvi barazani kwetu hapa Msambweni, wajukuu wakaja, watoto wa jirani wakawafuata, naye akawatolea ngano. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nikikanda unga wa mahamri ya asubuhi, nikisikia kila neno, na nilipochoka kusikia nilimkatiza. "Huyo sungura hajafika tu? Tangu juzi yuko njiani!" Watoto walikuwa wakicheka. Yeye alikuwa akijibu kwa upole ulionikera zaidi: "Mke wangu, anakwenda kwa miguu."

Mimi ni mtu wa haraka. Nauza viazi vya karai na mahamri kando ya barabara kuu, na pale ukizubaa gari limeshaondoka na mteja wako. Nimezoea kusema jambo mara moja, kwa sauti, na kutaja bei papo hapo. Ngano za mume wangu zilikuwa na nyimbo, na mtu wa ngano akifika kwa ng'ombe aliimba, akifika kwa kobe aliimba wimbo ule ule, na watoto wakaitikia kama vile hawajapata kuusikia. Nilimwuliza mara nyingi kwa nini asiimbe mara moja tu akaendelea na safari. Alisema cha mara moja ni chumvi ya kununua dukani, si ngano.

Ya mwisho aliyowatolea ilimhusu mtu mmoja ambaye mkewe alishika mimba, akawa hataki kunywa maji yoyote isipokuwa ya chemchemi moja kule milima ya Shimba. Nilijua ananichokoza mimi, maana mimba yangu ya kwanza nilimtesa kwa maembe mabichi wakati si msimu wa maembe. Basi yule mtu akapanda mpaka chemchemini, akajaza mtungi, akaanza kurudi nao kichwani, akakutana na ng'ombe, akakutana na kobe, na kila alipochoka aliimba: "Mtungi wangu, usimwagike, njia ni ndefu, tufike, tufike." Watoto waliitikia, "Tufike, tufike." Jioni ile alimfikisha kwenye mto uliojaa mvua. Mtu akaingia, maji yakampanda magoti, kiuno, kifua. Hapo kikohozi kikamshika mume wangu. Akawaambia atamalizia kesho, akaingia ndani kulala.

Asubuhi kifua kilikuwa kimembana. Mwanangu wa kwanza alimpeleka hospitali, nami nikaenda naye, nikakaa naye hadi mwisho wake, ambao haukuchelewa. Nilimpenda mume wangu. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu waliotusikia tukijibizana kupitia ukutani huenda hawakujua.

Nikaingia eda. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato wala wanja, hatoki isipokuwa kwa dharura, na wanaume wasio maharimu zake hawamwoni. Meza yangu ya viazi iliegemezwa ukutani uani, na karai likafunikwa juu yake. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alivuka kutoka Mkwiro akaja kukaa nami, maana kizuka, mjane aliye edani, haachwi peke yake. Yeye ni mwanamke mtulivu aliyesoma sana dini, na akikukosoa hukukosoa kwa sauti ya chini, kiasi kwamba huna la kubishana nalo. Nilimwambia mwanangu kuwa mambo mawili yatanimaliza, kukaa ndani na kukaa na shangazi yake.

Matanga yalipokwisha na nyumba ikabaki na watu wake, jioni moja watoto walikuja. Hawakuitwa na mtu. Walilichukua jamvi wenyewe, wakalitandika ukumbini kwa kuwa wanajua barazani sitoki, wakakaa mahali pao walipozoea kukaa. Mdogo wao, ambaye hata meno ya mbele hajabadili, akaniuliza, "Bibi, yule mtu bado yumo mtoni?"

"Mtu gani?"

"Wa Babu. Mwenye mtungi. Maji yamemfika hapa." Akajigusa kifuani. "Atapata baridi."

Niliwaambia waende wakale, kisha nikamwuliza wifi yangu kama anaujua mwisho wa ngano hiyo, maana nilidhani ni ya kwao ya zamani, waliyotolewa na bibi yao. Wifi alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso. "Ndugu yangu hakuwa akijua mwisho wa ngano yake hata moja. Alikuwa akiingia nayo tu, hivyo hivyo kama watoto wenyewe." Kwa hiyo mwisho haukuwepo. Haukuwa kwake, haukuwa Mkwiro, haukuwa kwa mtu yeyote, na yule mtu alikuwa amesimama mtoni na watoto wakimhurumia.

Kesho yake nikawamalizia. "Akavuka, akafika kwake, mkewe akanywa, kwisha." Watoto walinitazama. Mdogo akasema, "Hajaimba." Mwingine akasema Babu hakuwa akisema hivyo. Hasira zangu ziko karibu, hazihitaji kutafutwa. "Basi nendeni kwa huyo anayejua kuimba!" Wakaondoka mmoja mmoja, wakaliacha jamvi.

Jioni iliyofuata hawakuja. Nilikaa nikisikia sauti zao nyumba ya jirani, kwenye televisheni, zikiwa karibu kabisa, hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu. Siku nyingine ningejifunga leso, ningevuka, ningewakokota kwa masikio huku nikiwapa viazi. Sasa nilikuwa kizuka na sikuwa na ruhusa ya kuvuka uwanja. Kitu pekee alichotuachia kilikuwa kile kikao, na mimi nilikuwa nimekivunja kwa maneno machache. Nililia usiku ule kwa hasira zangu mwenyewe.

Lakini mjukuu wangu mkubwa, binti wa mwanangu wa kwanza, hakuja hata siku ile ya kwanza. Huyu ndiye aliyekuwa akikaa ubavuni mwa babu yake, anayejua nyimbo zote, anayesoma Kurani chuoni, madrasani, mpaka mwalimu anamsifu mbele ya wenzake. Tangu mazishi alikuwa akija kuniletea sahani tu. "Shikamoo Bibi," akanibusu mkono, akaweka sahani, akarudi kwao mbio. Mama yake alisema huenda amekua, hataki tena mambo ya kitoto. Nilikubali, kwa kuwa lilikuwa jibu rahisi.

Siku za eda ni ndefu, na wifi yangu alinijaza nyuradi. Baada ya alfajiri tunakaa, baada ya alasiri tunakaa, kila mtu na tasbihi yake. Mimi nilikuwa nikizivuta shanga kama anayepukusa mahindi. Ninamaliza, namtazama, yeye hata robo hajafika. Siku moja aliniuliza, bila kunitazama, "Wifi yangu, unamkimbilia nani?"

"Namaliza."

"Ukishamaliza unakwenda wapi?"

Ilinichoma, kwa sababu kweli sikuwa na pa kwenda. Nikaanza upya, polepole, kwa ushindani tu, nimwonyeshe kuwa hata mimi naweza. Kwa siku nyingi sikuona kitu isipokuwa usingizi na maumivu ya magoti. Kisha asubuhi moja nilikuwa nikisema neno lile lile, na nikagundua silichoki. Kila lilipotoka mdomoni lilinikuta mahali tofauti kidogo. Lilinikuta ninamkumbuka mume wangu, likanikuta nina njaa, likanikuta nasikia kuku, likanikuta nimetulia. Neno lilikuwa moja na mimi nilikuwa wengi. Hapo nikafahamu kwa nini mtu wake wa ngano alikuwa akiimba kwa ng'ombe na kwa kobe wimbo ule ule. Nilitaka kumwambia, na hakuwepo. Niliumia, lakini ilikuwa furaha pia, kuelewana na mtu baada ya miaka yote ile.

Nikamtuma wifi kwa jirani na sahani ya viazi na ujumbe kwamba Bibi anaanza ngano upya tangu chemchemini. Wakaja, wakiwa na mafuta ya viazi vidoleni na macho ya kunitilia shaka. Nilikuwa na woga kama bi harusi. Nikaimba. Sauti yangu ni ya kuitia wateja, haina uzuri wowote, lakini waliitikia, na walipoitikia nilipata nguvu ya kwenda mpaka kwa ng'ombe. Jioni ile hatukuvuka ng'ombe. Ya pili tulifika kwa kobe. Sikuwa na haraka hata kidogo, na nilijishangaa.

Mjukuu wangu mkubwa naye akaanza kuja, kwa namna yake. Alikuwa akisimama mlangoni na viatu miguuni, kama mtu aliyetumwa na anayerudi sasa hivi. Sikumwita. Nilimtolea ngano kwa kupitia wenzake.

Jioni niliyomfikisha mtu wetu mtoni, maji yakampanda magoti, kiuno, kifua, kisha nami nikakwama, kwani mwisho sikuwa nao bado. Adhana ya isha ikaniokoa. "Kesho tutamtoa!" nikasema, watoto wakaruka wakaenda kula. Mlangoni hakukuwa na mtu tena.

Asubuhi yake nilikuwa nimeswali alfajiri, nikakaa na tasbihi, na usingizi ukanichukua pale pale kwenye mswala, kichwa kimeegemea ukuta. Nilishtushwa na mikono inayonitikisa mabega kwa nguvu. "Bibi! Bibi!" Alikuwa mjukuu wangu mkubwa, na sare ya shule, soksi moja mguuni na mguu wa pili mtupu.

"Una wazimu wewe? Utaniua!"

Hapo alipasuka kulia, kilio ambacho hata siku ya mazishi sikukisikia kwake. Nilimvuta mapajani, mkubwa vile, miguu ikaburuzika chini. Ilichukua muda mpaka maneno yakaeleweka.

"Hukusema inshallah," alisema. "Jana. Ulisema kesho tutamtoa, hukusema inshallah. Na Babu hakusema. Siku ile. Mimi nilimsikia."

Ni kweli. Mume wangu alikuwa akifunga kikao kwa maneno hayo kila siku, kesho inshallah, na watoto wote huitikia inshallah ndipo wakaachiwa. Akisahau, mjukuu huyu ndiye aliyemkumbusha, ilikuwa kazi yake na alijivunia. Siku ile ya kikohozi babu alisahau, naye mtoto alikuwa na njaa, akanyamaza ili waondoke upesi. Na chuoni mwalimu alikuwa amewafundisha, sawasawa kabisa, kwamba mtu asiseme atafanya jambo kesho bila kulitegemeza kwenye matakwa ya Mungu. Mtoto akajumlisha mwenyewe. Alikuwa ameubeba mzigo huo tangu mazishi, akinipa shikamoo na kukimbia.

Kwanza nilijaribu mzaha, ndio ninaoujua. "Mimi nimesahau inshallah mara ngapi pale barabarani? Ningekuwa nazikwa kila Ijumaa." Hakucheka. Kisha nikawa na uwongo tayari mdomoni. Nilitaka kumwambia kuwa Babu aliisema usiku, chumbani, mimi nilimsikia. Ungemponya pale pale. Lakini nilikuwa juu ya mswala, na mtoto huyo ana akili, angekuja kuniuliza aliisema vipi na kwa nini. Nikaumeza.

"Hakusema," nikamwambia. "Nawe hukumkumbusha. Na ungemkumbusha, angesema, na angekufa vilevile, mama, kwa sababu kifua chake kilikuwa kibovu na siku yake ilikuwa imefika."

"Angekufa hata kama amesema?"

"Ndiyo."

"Basi inshallah ni ya nini?"

Nilimtafutia soksi yake, tukaikuta ukumbini, nikamvalisha, nikamwambia aende shule na jioni nitamjibu, inshallah. Nililitamka kwa sauti kubwa. Alinitazama kuona kama namfanyia mzaha. Sikuwa nikifanya mzaha.

Mchana kutwa nililizungusha swali lile. Wifi yangu, nilipomweleza, alilia kwanza kwa ajili ya mtoto, kisha akasema inshallah ni adabu ya mja kwa Mola wake. Ni jibu sahihi, na lingemtosha mtu mzima. Mimi mwenyewe halikunitosha, maana nilikuwa na yangu ya kufichwa. Nilikuwa nikijiambia kila siku kwamba laiti ningemburuta hospitali kile kikohozi kilipoanza, laiti nisingekuwa nimezama kwenye unga. Bibi na mjukuu, kila mmoja chumbani kwake, tulikuwa tukimrudisha mtu mmoja kwa hesabu zetu.

Jioni walikuja wote. Mjukuu wangu mkubwa alisimama mlangoni, kisha akavua viatu, akaja kukaa. Sikuwa na jibu lake wala mwisho wa ngano. Nilianza tu, kama alivyokuwa akianza mwenye ngano zake.

"Mtu yuko mtoni. Maji yamefika kifuani. Mtungi uko kichwani. Anafanya nini?"

"Anaimba!"

Tukaimba. Tukaimba tena. Mdogo akauliza, "Bibi, akiimba mto unapungua?"

Ingekuwa rahisi kusema unapungua. Nilimwona mjukuu wangu mkubwa ananitazama. "La," nikasema. "Haupungui hata kidogo. Maji ni yale yale."

"Basi anaimbia nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya mkubwa.

"Ng'ambo kuna watu wamekuja kuteka maji. Yeye hawaoni, matete ni marefu, na wao hawamwoni. Lakini wanamsikia, na wanamwitikia. Itikieni."

"Tufike, tufike!"

"Anageuza uso kule kwenye sauti, anapiga hatua. Itikieni."

"Tufike, tufike!"

"Maji yamempanda mabega. Bado ni yale yale. Ila sasa anajua hayumo mtoni peke yake, na mtu anayejua hivyo mguu wake unaenda. Anaimba, wanamwitikia, anapiga hatua."

Mjukuu wangu akasema polepole, kwa nafsi yake zaidi kuliko kwangu, "Kama inshallah."

"Kama inshallah," nikasema. "Haizuii kesho isije na mambo yake. Ni ili usiingie kesho peke yako." Nilimtazama wifi yangu aliyekuwa pembeni na tasbihi yake, nikingoja anikosoe kwa ile sauti yake ya chini. Hakunikosoa, na kwake hiyo ni sifa kubwa.

Tukamvusha yule mtu. Alitoka na matope mpaka kidevuni, akafika kwake, mkewe akapokea mtungi, akaonja, akasema si mabaya lakini alivyokuwa akingoja hamu imemwisha, sasa anataka maembe mabichi. Watoto walianguka kwa kicheko. Mdogo alilala chali juu ya jamvi kwa furaha ya kuona mtu ametoka majini.

Nilidhani tumemaliza. Mjukuu wangu mkubwa alikuwa amenisogelea mpaka bega lake likagusa mkono wangu. "Bibi," alisema, "Babu alipokuwa anaenda, alikuwa na mtu wa kumwitikia?"

Hilo sikuwa nimemwambia mtu, hata wanangu, kwa kuwa wao walikuwa nje wakati huo wakitafuta dawa, na waliporudi hawakuuliza, nami sikuweza kusema.

"Alikuwa nami," nikasema. "Nilimshika mkono. Nilikuwa nikimsomea shahada sikioni, polepole, naye akinifuata. Sauti yake ilipokwisha, nilimwona midomo inanifuata. Midomo ilipokwisha, nilikuwa bado nasoma."

"Ulikuwa unasoma vipi?"

"Hivi." Nikainamisha kichwa, nikaisema kama nilivyoisema siku ile, kwa sauti ambayo wateja wangu wa barabarani hawaijui. Yeye ndiye aliyeitikia kwanza. Kisha mdogo, akiwa bado chali, kisha wote, na wifi yangu kutoka pembeni. Nilitaka kunyamaza hapo ili nilie, lakini walikuwa wamenigeuzia nyuso wakiningoja, nikaanza tena.